Mstari Mwekundu wa Saa Mbili

16 Januari

Dada yangu wa pekee,

Shikamoo. Kabla hujauliza: mimi mzima, mwenzangu mzima, na hata bomba la jikoni ambalo siku ya harusi lilikuwa linakohoa tu sasa linatoa maji. Baba nilimwona Jumapili kwa kaka. Goti linamsumbua lakini mdomo haumsumbui, maana alinisimulia habari za goti hilo kwa saa nzima. Mapacha wa kaka wameanza shule, na mmoja amesharudishwa nyumbani kwa kumng'ata mwenzake. Shemeji hajambo? Mwambie namdai deni la kucheza, kwa kuwa zamu ilimzuia kuja harusini, na mimi sisahau.

Dada, ndoa ni tamu. Ulinificha bure. Nikiamka namkuta yupo, na bado nashangaa kama mtu aliyeokota kitu barabarani akaogopa mwenyewe atatokea.

Watu walituonya tusihamie mtaa huu mpya. Walisema ni mbali na mjini, barabara ni moja, na foleni ya asubuhi ni ya kuota ndevu. Ni kweli. Tunatoka saa kumi na mbili kasoro robo na mimi nafika kazini saa mbili kasoro dakika ishirini. Lakini wanaoilaani foleni hawajakaa ndani yake na mtu wanayempenda. Kwangu mimi ile ndiyo fungate. Nyumbani kuna vyombo, kuna majirani, kuna usingizi. Ndani ya gari tupo sisi wawili tu. Akibadilisha gia mkono wangu uko juu ya wake, kwa hiyo tunabadilisha pamoja. Namenya chungwa namlisha kipande kipande, na yeye macho barabarani anaachama kama kinda la ndege. Jana lori liliharibika darajani tukasimama dakika arobaini. Watu walipiga honi mpaka zikachoka. Mimi nilimwombea fundi wa lori achelewe.

Na kazi nayo, dada. Karakana ya miwani imenipokea. Nakaa kwenye mashine ya kusaga kingo za lenzi ili zienee kwenye fremu. Ukisaga kidogo lenzi haiingii, ukizidisha inacheza, na mwenye macho yake anarudi kukutukana. Mkuu wetu tunamwita Mama Lenzi, mwembamba, mkimya, haongei mpaka awe na la kusema. Amenipa majaribio ya miezi sita. Mwisho wa Juni ama naajiriwa rasmi, ama naaga. Anaangalia mikono, na anaangalia kitabu. Kitabu ni cha mahudhurio na kinakaa mlangoni. Saa mbili kamili anaweka rula na kupiga mstari mwekundu. Ukisaini juu ya mstari umewahi, ukisaini chini umechelewa, na hadithi ya foleni haisikilizwi, kwa kuwa yeye mwenyewe anatoka mbali kuliko sisi sote.

Jina langu halijashuka chini ya mstari hata siku moja. Mwenzangu ananishusha mlangoni kabisa, anazunguka kunifungulia mlango wa gari kama malkia, kisha anaendelea na safari yake idara ya maji, ambako anachora ramani za mabomba. Kazi hii, dada, naitaka kama nilivyomtaka yeye. Niombee nivipate vyote viwili.

Mdogo wako mwenye bahati,
Kitinda


29 Januari

Kitinda wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Barua yako ilikaa siku sita mapokezi ya hospitali kwa sababu karani aliiweka chini ya kikombe chake. Huku chumba cha kufulia tumebaki na mashine moja, ya pili imekufa, na mvua haikati. Mashuka ya wodi tatu tunayaanika kwenye korido, wagonjwa wanapita chini yake wameinama. Mwambie Baba asipake goti kila anachoambiwa na jirani. Yule pacha aliyeng'ata ametoka kwetu, asilaumiwe mama yake.

Nasikia kwa kaka unalalamika kwamba simu zako nazikata mapema. Napokea, ila sipendi. Kwenye simu unacheka tu, nami siwezi kujua unachocheka. Kwenye barua mtu analazimika kuandika jambo.

Nimefurahi kwa furaha yako. Sikukuficha utamu wa ndoa, hukuuliza. Kuhusu kazi, nimeisoma sehemu hiyo mara mbili na nimeipenda kuliko sehemu ya chungwa. Shika hapo. Wahenga walisema mtegemea cha ndugu hufa maskini, na gari la mume nalo ni cha ndugu. Je, basi lipo huko mtaani kwenu? Linapita saa ngapi? Sijasema upande. Nimeuliza.

Dada yako


2 Machi

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, tena hatujambo sana. Baba ameacha dawa ya jirani na amepata dawa ya jirani mwingine. Kaka anasema anakusalimia. Shemeji naye vipi, mbona hukumtaja? Au ananuna kwa sababu ya lile deni la kucheza?

Nina habari. Mkuu wa idara ya mume wangu, ambaye sisi tunamwita Mkubwa, amehamia mtaa wetu, safu ya tatu kutoka kwetu. Injini ya gari lake imepasuka kitu, imelazwa gereji. Mwenzangu alivyo na moyo mzuri, akajitolea kumchukua asubuhi kwa wiki moja tu. Dada, ungeona maandalizi. Gari liliogeshwa, mazulia mapya, hata tundu lililoachwa na redio likazibwa. Jioni ile alinishika mabega akaniambia, mke wangu, mlango umefunguka. Kumbe nafasi ya msimamizi wa wachoraji iko wazi, na Mkubwa ndiye anayependekeza jina. Nilijisikia fahari kama vile mimi ndiye nitakayepewa cheo.

Mkubwa ni mtu mstaarabu, ananukia sabuni, anasoma gazeti njia nzima. Chungwa nimeacha kidogo, haipendezi mtu kulishwa mbele ya mkubwa wake. Lakini raha haijaisha. Leo darajani nilikuwa namwangalia tu anavyoendesha, shingo imenyooka, masikio yametulia. Kwenye kola ya lile shati la bluu, nyuma upande wa kulia, kuna doa la wino kama punje ya mtama. Nikajisemea, huyu ni wangu, na doa ni langu, Jumamosi nitalitoa. Wewe ni mkuu wa madobi, nipe dawa ya wino.

Sasa tunaondoka saa kumi na moja na nusu, kwa maana Mkubwa anapenda kufika kabla ya watu wake. Tena inaonekana hapendi gari lisimame njiani. Siku ya kwanza niliposhuka aliangalia saa yake, na mwenzangu akaliona hilo. Kwa hiyo tumebadilisha kidogo utaratibu wa kunishusha. Jambo dogo tu.

Basi nitakujibu siku nyingine, karatasi imeisha.

Kitinda wako


25 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Mashine ya pili imefufuka, ya kwanza imekufa. Mimi nipo.

Wino hutolewa kwa spiriti kabla ya sabuni. Ukitanguliza sabuni unaupigilia msumari. Weka kitambaa chini ya kola, gongagonga, usisugue.

Sasa nisikilize. Nimefua kola za watu kwa miaka kumi na tisa. Doa lililo nyuma ya kola halionwi na aliyekaa ubavuni pa mtu. Linaonwa na aliyekaa nyuma yake. Wewe unakaa wapi?

Tena karatasi haikuisha. Upande wa pili ulikuwa mweupe wote, na mimi niliugeuza. Unashukia wapi?

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wenu ya tatu kapewa kiti.

Dada yako


17 Aprili

Dada,

Shikamoo. Wote wazima. Doa limetoka, asante.

Sikutaka kukujibu, nimekaa na barua yako wiki mbili nimenuna. Unaandika kama hakimu. Ndiyo, nakaa nyuma. Wewe ungekaa wapi? Mtu mzima mwenye miguu mirefu, mkuu wa mume wangu, akunje magoti nyuma, na mimi mtoto wa juzi nijitandaze mbele? Mwenzangu mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango wa nyuma, kwa adabu kama dereva wa waziri, akaniinamia. Tulicheka sana.

Na ninashukia idara ya maji. Nitakueleza ili uache kunipeleleza. Foleni inaisha darajani. Ukishavuka, barabara inafunguka, na kila mtu anakimbilia mzunguko, anayetangulia ndiye anayepita. Karakana yetu iko hapo katikati, mkono wa kushoto. Ukisimama kunishusha wote wa nyuma wanakupita, unafika mzunguko ukiwa mkia, na robo saa imekwenda. Mbele ya Mkubwa haiwezekani. Kwa hiyo tunapita. Saa mbili kasoro dakika ishirini tunapita, maana ile robo saa ya mapema inaishia getini kwa Mkubwa tukimngoja. Namwona mlinzi anakunja mlango wa chuma, namwona fundi wa mashine ya pili anavuka barabara na mfuko wake wa chakula. Siku moja aliniona akanipungia mkono, nami nikampungia. Idara ya maji tunafika saa mbili na dakika tano hivi, halafu narudi kwa miguu. Dakika thelathini na tano nikikaza mwendo, maana magari ya kurudi nayo yamekwama mzunguko. Ni mazoezi mazuri, nimepungua, gauni la kijani linanikaa.

Nilisema nimwombe Mkubwa mwenyewe, kwa upole. Mwenzangu akasema nisimwaibishe, jambo hili ni la miezi michache, cheo kikija tutakula wote. Na basi lipo, kwa kuwa uliuliza. La kwanza linapita barabara kuu saa kumi na moja. Nililitaja. Akasema mke wake apande basi na gari lipo, majirani watasemaje. Alisema kwa upendo.

Ile wiki moja imekuwa wiki saba. Nasikia kifaa cha injini kinaagizwa mbali.

Usinielewe vibaya, nina furaha. Jana aliniletea ua, alilichuma bustani ya ofisini kwao akalificha ndani ya ramani. Lilikuwa limebonyea likawa bapa, lakini ni ua.

Msalimie shemeji. Ningependa siku moja aniandikie yeye, huenda ana huruma kuliko wewe.

Kitinda


9 Mei

Kitinda wangu,

Marahaba. Nimesikia kwa kaka kwamba Baba sasa anatembelea fimbo na anaitumia zaidi kuonyesha watu kuliko kutembea. Vizuri.

Nimesoma barua yako. Umeandika saa zote: ya kupita, ya kufika, dakika za kutembea. Umeniandikia mpaka ua. Kitu kimoja hukuandika. Mara ngapi umesaini chini ya mstari?

Andika namba.

Dada yako


30 Mei

Dada,

Shikamoo. Baba hajambo, kaka hajambo, mapacha wana surua lakini wanapona.

Hamsini na tatu.

Sikuwa nahesabu. Mama Lenzi ndiye aliyehesabu, jana, mbele yangu, kwa ncha ya kalamu, ukurasa baada ya ukurasa. Mashine zote zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya chakula na hapakuwa na kelele ya kunificha. Alipomaliza akasema, "Mikono yako ningeiajiri leo hii. Taabu ni kwamba inakuja na miguu."

Akaniambia hajawahi kumpa mtu nafasi ya pili, lakini lenzi nilizosaga mimi hazijarudishwa hata moja tangu Januari, kwa hiyo ananipa Juni. Juni nzima juu ya mstari. Nikishuka chini siku moja tu, nisimletee hadithi.

Nilimweleza mwenzangu tukiwa tunakula. Aliacha kula. Dada, alinishika mikono yote miwili, macho yakamjaa maji, akasema hakujua imefika huko, na kweli hakujua, kwa kuwa nilikuwa sijamwambia. Nilikuwa nikifika nyumbani nauliza habari za ramani. Ameniapia kwamba Juni nitawahi kila siku. Unaona mtu niliyeolewa naye? Si jiwe.

Hakusema atasimama karakana. Amesema tutaondoka saa kumi na moja kamili, ili nikishatoka idara ya maji niwe na muda wa kurudi. Naona ni sawa. Ni mwezi mmoja.

Shemeji nimemsalimia tangu Januari na hunijibu. Anaumwa?

Kitinda


14 Juni

Kitinda wangu,

Marahaba. Barua hii nimeianza mara tatu.

Salamu ulizompelekea shemeji yako ninazo zote hapa, kwa kuwa sijui pa kuzipeleka. Aliondoka mwaka jana, kabla ya mvua. Harusini nilisema yuko zamu. Ulikuwa umevaa gauni, unacheka mpaka unashikilia meza, ningeanzia wapi? Na baadaye ukaandika habari za chungwa. Nikaona niache.

Kwa hiyo usitarajie ushauri wangu. Aliyeunguza chungu chake hasimami mlangoni kwa jirani kufundisha upishi. Nitakuambia tu nilichokiona. Mtu hakutoi mahali pako kwa siku moja. Anakusogeza kidogo, leo hivi, kesho hivi, na kila mara ana sababu nzuri. Ukimsikiliza mwaka mzima unaanza kumsaidia kuisema ile sababu, na unaisema vizuri kuliko yeye. Barua yako ya Aprili niliisoma nikadhani nimeiandika mimi.

Nilikaa na maneno yangu mdomoni miaka minane, nikidhani ndiyo heshima. Alipoondoka nilikuwa bado nayo.

Ukipita mbele ya mlango wako, fungua mdomo. Basi.

Dada yako


5 Julai

Dada,

Leo naanza na jambo lenyewe, salamu zitafuata.

Barua yako ya tarehe 14 nimeipata tarehe 30, mambo yakiwa yamekwisha. Nimelia kwa ajili yako, nikaona haya, maana miezi yote hiyo nilikuwa nakuandikia kuhusu kinda la ndege.

Juni ilianza vizuri. Tulikuwa tunaamka saa kumi, tunampigia Mkubwa honi getini saa kumi na moja, naye anatoka amevaa koti juu juu. Tunapita mbele ya karakana ikiwa bado imefungwa. Nashuka idara ya maji, natembea, nasaini saa mbili kasoro dakika kumi, kasoro tano, siku moja kasoro moja. Mama Lenzi alikuwa ameshashika rula. Lakini juu ya mstari, dada, siku zote juu.

Tarehe 25 mchana alikuja mteja ameshika miwani iliyokatika mkono. Nikainua macho, ni Mkubwa. Akanitazama, akatazama koti langu la kazi, akauliza nafanya nini pale. Nikasema ni fundi wa hapa tangu Januari. Alidhani nafanya kazi moja ya ofisi za jirani na kwao, kwa kuwa ndipo ninaposhukia.

"Kwani kila asubuhi tunapita hapa?" akauliza.

"Kila asubuhi."

Akageuka akaitazama barabara kupitia kioo cha duka. Kisha akaniambia jambo ambalo bado linanizunguka kichwani. Gari lake lilitoka gereji mwezi Machi. Machi, dada. Alimwambia mwenzangu siku ileile, akashukuru, akasema sasa atajiendesha mwenyewe. Mwenzangu akamjibu kwamba haiwezekani, kwamba ni heshima kwetu sote wawili, na mimi mkewe nitavunjika moyo. Akaendelea kupiga honi getini. Mkubwa akaona kukataa ni kumwaibisha kijana wa watu. "Mke wangu ananicheka," akasema, "natoka usingizini kama mwizi, na gari langu liko uani. Nilikuwa nangoja nyinyi mchoke." Nikamwuliza kuhusu ile siku ya kwanza alipoangalia saa niliposhuka. Hakumbuki. Anasema huwa anaangalia saa, ni tabia tu.

Nilimaliza kukaza skrubu yake. Nikaifuta miwani, nikamkabidhi. Hapo nikaelewa kwamba tulikuwa watu watatu ndani ya gari moja, wawili wakivumilia kwa adabu, na aliyejua kila kitu alikuwa ameshika usukani.

Jioni nilimpakulia mwenzangu chakula kama kawaida. Kesho yake, tarehe 26, nilikaa mbele. Tulipofika getini kwa Mkubwa mwenzangu akaniambia kwa lile tabasamu lake, mke wangu, rudi nyuma. Nikasema leo nakaa hapa. Mkubwa akaingia nyuma, akasema afadhali, huku mtu anaweza kulala, na kweli akalala. Mwenzangu alikaza taya, hakunitazama tena.

Siku hiyo basi lilikuwa limegonga ukingo wa daraja. Tulikaa pale mpaka jua likatupata. Tulipovuka ilikuwa saa mbili kasoro robo, na barabara ikafunguka, na nikaiona karakana. Nikasema, nishushe hapa. Akaongeza gia. Nikasema tena kwa sauti, nishushe, nitachelewa. Mkubwa akaamka.

"Bwana, simama, mkeo ashuke."

Mwenzangu akacheka akimtazama kwenye kioo. "Usijali, Mkubwa. Atarudi kwa miguu tu, amezoea."

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana siwezi kulitema. Alilisema kama mtu anayemsifia farasi wake.

Tukapita. Mzunguko ulikuwa umejaa, magari yakasimama. Nikafungua mlango mwenyewe, katikati ya magari, nikashuka, nikakimbia. Sijui kwa nini sikufanya hivyo tangu Februari. Hapana, najua. Nilikuwa nangoja yeye anifungulie.

Nilifika saa mbili na dakika nne. Mstari ulikuwa umeshapigwa, wino bado mbichi. Nilisaini chini yake na mkono wa gauni ukaupaka. Mama Lenzi alikuwa amesimama palepale. Hakunigombeza. Aliniuliza kama nimekunywa maji, akanimiminia, kisha akaniambia nimalizie lenzi za wiki ile, tarehe 30 nikabidhi koti.

Mwenzangu nilipomwambia alinikumbatia. Anajua kukumbatia, dada, hilo sitamnyima. Akasema, "Sasa utapumzika, mke wangu. Si ulikuwa unachoka na ile safari?" Nikamwuliza habari za Machi. Akasema nilikuwa sielewi mambo ya ofisini, kwamba mtu hamwachi samaki kwa sababu amesema anajua kuogelea. Tangu siku ile Mkubwa anaendesha gari lake mwenyewe. Cheo hakijatangazwa, na mwenzangu anasema kikienda kwa mwingine ni mimi niliyekivunja kwa ukaidi wa asubuhi moja. Yeye sasa anatoka saa kumi na mbili kasoro robo, peke yake, viti vyote vitupu. Nasimama dirishani namwangalia. Saa mbili kasoro dakika ishirini najua yuko wapi.

Siku mbili nilikaa ndani. Ya tatu nikapanda basi nikaenda kwa Mama Lenzi. Nikamwomba anipokee kama mgeni, majaribio upya, miezi sita tangu siku ya kwanza, hata kama ni kufagia vumbi la lenzi. Msichana mpya ameshakaa kwenye mashine yangu. Mama Lenzi alifikiri huku anafuta miwani yake. Akasema sitarudi kwenye mashine, nitaanzia kwenye kuosha na kupanga, chini ya yule msichana, na kitabu hakitanikumbuka kwa wema wala kwa ubaya. Naanza Jumatatu.

Sasa salamu. Baba hajambo. Mapacha wamepona surua wakaiambukiza nyumba nzima ya jirani. Wewe nakusalimia mara mbili, na zile salamu zilizobaki kwako zitupe, usikae nazo tena.

Jana jioni nilimwambia mwenzangu kwamba kuanzia Jumatatu nitakuwa natoka saa kumi kuwahi basi la kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza habari za giza, wala mvua. Aliuliza chai yake ya asubuhi atapika nani. Nikamwambia majani yako kabatini na maji yako bombani. Akacheka, akidhani namtania, akanibusu utosini.

Bado nampenda, dada. Nilisimama pale jikoni, nimebusiwa, nampenda, na sikucheka.

Mdogo wako